Milango ya Pittsburgh: Wapolandi, Waitalia na Wamarekani Weusi katika Mji wa Feleji

Nje kidogo ya mji wa Arusha, mahali paitwapo Tengeru, yapo makaburi yaliyotunzwa vizuri, na juu ya mawe yake yameandikwa majina ambayo ulimi wa Mswahili huyatamka kwa shida. Ni makaburi ya Wapolandi. Niliwapeleka huko wanafunzi wa chuo chetu cha ualimu, nikawaeleza jinsi watu hao walivyofika: kwamba mwaka 1940 na 1941 serikali ya Kisovieti iliwaondoa kwa nguvu Wapolandi wengi makwao, ikawapeleka Siberia na kwingineko, kwamba walipofunguliwa wengine walipitia Iran, na tangu mwaka 1942 maelfu yao, wengi wao wanawake na watoto, wakaletwa Afrika ya Mashariki kwa meli. Tengeru peke yake ilikuwa na watu wapata 5,000, wakikaa katika vibanda vya mviringo, wakiwa na shule zao, kanisa lao na mashamba yao, hata walipotawanyika tena kwenda Uingereza, Kanada na Australia.

Mwanafunzi mmoja akaniuliza, "Mwalimu, sisi tumezoea kuwaona Wazungu kuwa matajiri. Hawa je, walikuwa maskini kwa sababu ya vita tu, au watu wa taifa hili ndivyo walivyo?" Kabla sijafungua kinywa, mwenzake akamjibu kwamba kila taifa lina damu yake: wengine wana damu ya biashara, wengine ya jembe, na wengine ya uvivu. Sikulipenda jibu lile, lakini sikuwa na la kulipinga ila maneno matupu, na maneno matupu hayamfai mwalimu. Basi nikatafuta mahali ambapo ndugu za hao Wapolandi waliishi bega kwa bega na watu wa mataifa mengine, katika mji mmoja, wakigombea kazi zile zile, ili tuone ni kitu gani kilichowatenganisha. Mahali hapo ni Pittsburgh, katika jimbo la Pennsylvania, nchi ya Marekani.

Kwanza niseme neno juu ya Wapolandi wenyewe. Wao ni tawi moja la jamii kubwa ya Waslavi, pamoja na Warusi, Waukraini, Wacheki, Waslovakia, Waserbia, Wakroatia na wengineo. Lugha zao ni ndugu kama zilivyo ndugu lugha zetu za Kibantu. Mpolandi na Mslovakia huelewana kidogo, kama Mchaga na Mpare wanavyoweza kuokota neno hapa na pale. Hata hivyo si watu wamoja kwa historia. Polandi iligawanywa mara tatu, mwaka 1772, 1793 na 1795, baina ya Urusi, Prussia na Austria, ikatoweka katika ramani mpaka mwaka 1918. Aliyezaliwa upande wa Prussia alilazimishwa kwenda shule, hivyo alijua kusoma. Aliyezaliwa upande wa Austria au wa Urusi mara nyingi hakujua hata kuandika jina lake. Baba yake au babu yake alikuwa amefungwa katika shamba la bwana mkubwa, asiweze kuondoka bila ruhusa, maana kifungo hicho cha wakulima kilivunjwa upande wa Austria mwaka 1848, na upande wa Urusi mwaka 1864. Damu moja, lugha moja, dini moja, na kumbe wakifika Marekani mmoja anasoma gazeti na mwingine anatia alama ya msalaba mahali pa sahihi yake. Tayari hapo hoja ya damu imeanza kuchechemea.

Wakulima hao walipewa uhuru, lakini mashamba waliyopata yalikuwa madogo, na kila baba alipokufa yaligawanywa tena kwa wanawe, hata likabaki kishamba kisichotosha kumlisha ng'ombe mmoja. Ndipo vijana walipoanza kuvuka bahari. Tangu mwaka 1880 mpaka 1920 watu zaidi ya milioni 20 waliingia Marekani kutoka nchi za nje. Mpolandi alipoaga kwao alisema anakwenda kutafuta mkate, na nia ya wengi ilikuwa kufanya kazi miaka michache, kuweka fedha, na kurudi kununua shamba. Wengi walirudi kweli. Waitalia wa kusini walikuja kwa nia hiyo hiyo, nao wengi wakarudi. Tafadhali likumbukeni jambo hili, kwa maana mtu anayekusudia kurudi kwao haishi kama mtu aliyekuja kukaa.

Sasa twende Pittsburgh. Mji huu uko mahali inapokutana mito miwili, Allegheny na Monongahela, ikawa mto mmoja uitwao Ohio. Milima ya jirani ilikuwa na makaa ya mawe tele. Kando ya mito hiyo vilijengwa viwanda vya feleji, yaani chuma kilichosafishwa kwa moto mkali hata kikawa kigumu na kisichovunjika upesi, kifaacho kwa reli, madaraja na majumba marefu. Andrew Carnegie, mtoto wa mfumaji maskini wa Scotland, alitajirika hapo; na mwaka 1901 aliuza viwanda vyake kwa dola milioni 480, ikaanzishwa kampuni kubwa kupita zote za wakati ule. Kazi za ufundi zilishikwa na Waingereza, Wajerumani na Waailandi waliotangulia. Kazi za kubeba, kuzoa, kukokota na kuchochea matanuru waliachiwa wageni, na wageni wengi walikuwa Waslavi.

Siku ya kazi kwa wengi ilikuwa saa 12, na desturi hiyo haikuachwa mpaka mwaka 1923. Wakati wa uchunguzi mkubwa uliofanywa mjini humo mwaka 1907 na 1908, kibarua wa kiwandani alilipwa senti 16 na nusu kwa saa. Naomba mwanafunzi achukue kalamu. Saa 10 kwa siku ni dola 1 na senti 65. Siku 6 ni dola 9 na senti 90. Kwa fedha hizo mtu alipe kodi, anunue chakula, makaa ya kupashia nyumba moto wakati wa baridi, na viatu vya watoto. Na tanuru likizimwa kwa kukosa wanunuzi, hapati kitu. Tena kazi iliua. Bibi mmoja mwanasheria, Crystal Eastman, alihesabu wafanyakazi waliokufa kwa ajali za kazi katika wilaya hiyo moja kwa muda wa miezi 12 tu, tangu Julai 1906 hata Juni 1907, akapata watu 526. Wakati ule hapakuwa na sheria ya kumlipa mjane. Ilitungwa katika jimbo hilo mwaka 1915.

Je, mkulima wa Kipolandi asiyejua Kiingereza aliingiaje kiwandani? Hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu. Hakwenda ofisini kuandika barua. Alipelekwa na mjomba wake, au na mtu wa kijiji chake, ambaye alimwendea mnyapara akamwambia kwa maneno machache kwamba ana ndugu mwenye nguvu, mtiifu, na asiyelalamika. Mnyapara alipenda hivyo, maana kijana akifanya vibaya, mjomba ndiye atakayeaibika. Kwa njia hii idara nzima ya kiwanda ilijaa watu wa vijiji vichache. Na baada ya miaka 15 yule kijana naye alimleta mwanawe. Wataalamu watatu wa historia, John Bodnar, Roger Simon na Michael Weber, walioandika kitabu mwaka 1982 juu ya mataifa haya matatu ya Pittsburgh, waliwauliza wazee wengi habari za maisha yao, na wazee wa Kipolandi walisimulia jambo hilo hilo: mlango wa kiwanda ulifunguliwa na ndugu.

Waitalia nao walikuwa na ndugu zao, lakini mlango wao ulikuwa mwingine. Wengi walitoka milima ya Abruzzi na nchi za kusini. Baadhi yao walijua kuchonga mawe, kujenga, kushona nguo, kutengeneza viatu na kunyoa. Ndugu wa Mwitalia alimpeleka kwa mkuu wa vibarua wa reli, au kwa mjenzi, au akamweka nyuma ya mkokoteni wa matunda. Mwitalia aliyeuza ndizi na machungwa njiani hakuwa tajiri kuliko Mpolandi wa tanuruni. Pengine alikuwa maskini zaidi. Lakini mkokoteni huzaa duka, na duka halina mnyapara.

Kundi la tatu halikuvuka bahari. Wamarekani weusi, wajukuu na vitukuu vya watumwa waliofunguliwa mwaka 1865, walikuja Pittsburgh kutoka Virginia, Georgia, Alabama na majimbo mengine ya kusini, hasa tangu mwaka 1916, vita vya Ulaya vilipozuia wahamiaji na viwanda vikakosa watu. Wengine walikuwa wametangulia zamani, na miongoni mwao walikuwamo mafundi wa chuma. Ukiwapima kwa vitu ambavyo sisi walimu hupenda kuvipima, walipaswa kuwashinda wote: walizaliwa katika lugha ya Kiingereza, walikuwa raia kwa sheria tangu mwaka 1868, hawakuhitaji mkalimani mahakamani wala dukani. Lakini walipewa kazi za matanuru ya kuchomea makaa na mahali penye joto na vumbi kupita kwingine, wakaachwa hapo hapo. Baba mweusi aliyefanya kazi kwa uaminifu miaka 10 hakuweza kumwendea mnyapara kwa ajili ya mwanawe. Neno lake halikuwa na uzito. Naye kijana alijua kwamba baba hana neno la kusema.

Tazameni basi jinsi jambo hilo moja lilivyoingia mpaka ndani ya nyumba. Katika nyumba ya Mpolandi, kijana alipopokea mshahara aliuleta wote mezani kwa mama, bahasha ikiwa haijafunguliwa, naye mama akamrudishia senti chache za matumizi. Katika nyumba nyingi za watu weusi kijana aliruhusiwa kuweka mshahara wake, naye alitazamiwa mapema kujitegemea na kujitafutia njia. Watu wa nje waliliona jambo hili wakasema: Tazama, Wapolandi wana adabu, na wale hawana. Mimi nilipolisoma mara ya kwanza nilikaribia kusema hivyo hivyo. Lakini fikirini: Mpolandi kijana anamlipa mzazi aliyempatia kazi, na kesho atampatia nduguye. Mzazi mweusi, asiye na kazi ya kumgawia mwanawe, alimpa kilicho bora katika vile alivyokuwa navyo, yaani moyo wa kusimama peke yake. Kila mmoja alimlea mwana kwa dunia aliyomwona akiingia.

Na zile bahasha za mezani zilikwenda wapi? Zilikwenda kwenye nyumba. Mkulima aliyekosa shamba kwao aliitamani ardhi kwa hamu ambayo watu wa Kilimanjaro au wa Kisii hawana haja ya kuelezwa. Wapolandi walianzisha vyama vya kuweka akiba na kukopeshana, mara nyingi chini ya kivuli cha parokia: mwanachama hulipa kidogo kila juma, na zamu yake ikifika hukopeshwa fedha za kununua nyumba. Nyumba yenyewe ilikuwa nyembamba, ya mbao, juu ya mteremko mkali. Na kabla ya kulipa deni, mama aliwapangisha vyumba vijana wasioolewa, akiwapikia na kuwafulia, hata kitanda kimoja kikalaliwa mchana na mtu wa zamu ya usiku, na usiku na mtu wa zamu ya mchana. Katika hesabu zote za mapato sijaona mahali kazi ya akina mama hawa ilipoandikwa. Kadhalika walikuwa na vyama vya kusaidiana katika maradhi na mazishi. Umoja wa Wapolandi ulianzishwa mwaka 1880, na Chama cha Taifa cha Waslovakia kilianzishwa hapo hapo Pittsburgh mwaka 1890. Kilimani, mahali ambapo mpaka leo panaitwa Kilima cha Wapolandi, walijenga mwaka 1905 kanisa lenye kuba kubwa kwa kufuata mfano wa kanisa la Mtakatifu Petro la Roma. Watu wa senti 16 na nusu kwa saa!

Lakini nyumba ilikuwa na bei nyingine, na hapa mwalimu lazima aseme. Nyumba zile zililipwa kwa masomo ya watoto. Mtoto wa Kipolandi au wa Kislovakia alipotimiza miaka 14, pengine kabla yake, alitolewa shule akapelekwa kazini. Katika mji ule ule, Wayahudi waliokuja kutoka Urusi walijitahidi zaidi kuwabakiza watoto shuleni. Hao walikuwa watu wa miji na ufundi. Walikuja na jamaa zao zote, na hawakuwa na nia ya kurudi, kwani kwao walikuwa wakichinjwa. Basi kuna waliowasifu Wayahudi kwa kupenda elimu na kuwacheka Waslavi kwa kuidharau. Mimi sitawacheka. Mzazi aliyeona watu 526 wakifa kwa mwaka mmoja alitaka kwanza paa ambalo mjane wake hatafukuzwa chini yake. Shule ingeweza kumfanya mtoto awe karani baada ya miaka mingi. Nyumba ilikuwa nyumba leo. Alikosea? Kwa mtoto mmoja mmoja aliyependa kitabu, naam, alikosea, na wako wazee waliosimulia jambo hilo kwa uchungu hata uzeeni.

Serikali ya Marekani nayo ilitaka kuwalinganisha wahamiaji. Mwaka 1907 Bunge liliunda tume chini ya seneta William Dillingham, nayo mwaka 1911 ikatoa vitabu 41. Vitabu 41, wasikilizaji wangu, na ndani yake kosa moja ambalo mtoto wa darasa la nne angeweza kulitambua. Tume iliwagawa watu mafungu mawili, wahamiaji wa zamani, yaani Waingereza, Wajerumani na wenzao, na wahamiaji wapya, yaani Waslavi, Waitalia na Wayahudi. Ikawaona wapya kuwa duni katika mapato, lugha na makao. Lakini watu wa fungu la kwanza wengi wao walikuwa wamekaa miaka 20 au 30, na wa fungu la pili walikuwa wamekaa miaka michache tu. Ni sawa na kuulaumu mgomba uliopandwa mvua za juzi kwa kuwa haujazaa kama ule wa miaka mitano. Isaac Hourwich, mtaalamu wa hesabu, aliwaonyesha kosa hilo mwaka 1912, wala hawakumsikiliza. Sheria ya mwaka 1924 ikaruhusu kila taifa asilimia 2 tu ya watu wake waliokuwamo Marekani mwaka 1890, yaani kabla wengi wa Waslavi na Waitalia hawajafika. Mlango wa bahari ukafungwa, na haukufunguliwa kwa haki mpaka mwaka 1965.

Mambo ya kiwandani nayo hayakuwa ya amani. Tarehe 10 Septemba 1897, huko Lattimer, katika jimbo hilo hilo la Pennsylvania, wachimba makaa wapatao 19, wengi wao Waslavi, waliuawa kwa risasi na askari wa wilaya walipokuwa wakiandamana bila silaha. Mwezi Septemba 1919 wafanyakazi wa feleji zaidi ya laki tatu waligoma nchini kote, na Waslavi wakawa mstari wa mbele kwa uthabiti uliowashangaza waliowadharau. Kampuni zikaleta maelfu ya watu weusi kushika kazi zao, na mwezi Januari 1920 mgomo ukavunjika. Kwa miaka mingi wagomaji hawakuwasamehe. Lakini vyama vingi vya wafanyakazi vilikuwa vimewakataa watu weusi siku zote. Si rahisi kumwomba mtu alinde ukuta wa nyumba ambayo hukumkaribisha ndani.

Mwaka 1937 kampuni kubwa ya feleji ilikitambua chama cha wafanyakazi, na safari hii watu weusi walikuwamo chamani. Mishahara ikapanda, na kazi ya tanuru, ambayo wazee waliifanya kama adhabu, ikawa kazi ya heshima yenye malipo mazuri na pensheni. Kanuni mpya ikasema kwamba aliyekaa miaka mingi zaidi ndiye atakayepandishwa kwanza na kuachishwa mwisho. Nani atabisha kanuni ya haki kama hiyo? Ila miaka ilihesabiwa ndani ya idara ya mtu tu. Mtu mweusi wa matanuru ya makaa mwenye miaka 20, akitaka kuhamia idara nzuri, alianza tena kama mgeni wa jana. Hivyo milango waliyoifungua wajomba wa Kipolandi tangu mwaka 1900 ikatiwa sasa muhuri wa sheria, bila mtu kutaja rangi hata kidogo.

Nyumba zilikwenda njia hiyo hiyo. Katika miaka ya 1930 shirika la serikali lilichora ramani za miji kuonyesha mahali pa salama na pa hatari kwa mikopo. Mitaa ya hatari ilipakwa rangi nyekundu, na mtaa wa watu weusi uitwao Hill District ukawa mwekundu. Mitaa ya wahamiaji nayo haikusifiwa sana katika ramani hizo; lakini Mpolandi alikuwa na chama chake cha mikopo, na alipotaka kuhamia mtaa bora hakuna aliyemzuia kwa ngozi yake. Mpaka mwaka 1948 mahakama za Marekani zilitia nguvu mikataba iliyokataza kumuuzia nyumba mtu mweusi. Na shule? Wamarekani weusi wa Pittsburgh waliithamini elimu mno. Walikuwa na gazeti lao, Pittsburgh Courier, lililosomwa nchi nzima. Lakini kwa miaka mingi, mpaka 1937, shule za serikali za mji huo hazikumpa mtu mweusi kazi ya ualimu ya kudumu. Jambo hili lilinigusa kuliko mengine yote. Mtoto angeweza kusoma vizuri kuliko wote darasani, akahitimu chuo kama hiki chetu, akarudi nyumbani na cheti, akafanya kazi ya kubeba mizigo katika hoteli.

Na watoto wa Waslavi je? Baada ya vita vya pili, sheria ya mwaka 1944 iliwapa askari waliorudi fedha za masomo na mikopo ya nyumba. Ilikuwa sheria ya wote kwa maandishi, ila kwa vitendo askari weusi walipata sehemu ndogo kuliko wenzao. Wajukuu wa wakulima wakaingia vyuo vikuu. Nitawapa mfano wa nyumba moja. Andrej Warhola alitoka kijiji cha Miková, katika milima ya Karpati ambayo sasa ni nchi ya Slovakia. Alikuwa wa Warusini, kabila dogo la Waslavi. Alifanya kazi ya kibarua Pittsburgh, akanunua nyumba, akafa mwaka 1942. Wanawe wakubwa walifanya kazi za mikono. Lakini akiba aliyoiacha ilisaidia kumpeleka chuoni mwana wa mwisho, aliyehitimu mwaka 1949, na dunia ikamjua baadaye kwa jina la Andy Warhol, mchoraji. Nyumba kwanza, shule baadaye, na yote mawili katika uhai wa familia moja. Katika miaka ya 1970 padre Andrew Greeley wa Chicago, aliyekuwa pia mwanachuoni wa mambo ya jamii, alionyesha kwa uchunguzi wake kwamba Wamarekani wa asili ya Kipolandi na Kiitalia hawakuwa tena chini ya wastani wa nchi katika mapato. Vitabu 41 vya tume vilikuwa vimekosea kabisa, na ilichukua miaka 60 hivi kuonekana.

Yule mwanafunzi wa hoja ya damu aliponisikiliza mpaka hapa alisema, "Basi na wale weusi wangengoja miaka 60 nao wangefika." Nikamwambia aendelee kusikiliza.

Mwaka 1956 wakuu wa mji wa Pittsburgh walianza kubomoa sehemu ya chini ya Hill District, ili wajenge uwanja mkubwa wa michezo na maonyesho. Watu wapata 8,000 waliondolewa, wengi wao weusi, pamoja na maduka yao, makanisa yao na kumbi zao za muziki. Uwanja ulifunguliwa mwaka 1961. Kisha mwezi Aprili 1974 kampuni tisa za feleji, chama cha wafanyakazi na serikali walipatana mbele ya mahakama kwamba miaka ya utumishi ihesabiwe katika kiwanda kizima, si katika idara, ili watu weusi na wanawake waweze kuhamia kazi nzuri bila kupoteza haki zao. Mlango wa mjomba ulifunguliwa hatimaye kwa wote. Lakini feleji ya nchi nyingine ilikuwa imeanza kuwa rahisi kuliko ile ya Pittsburgh, na matanuru yakaanza kuzimwa moja baada ya moja. Kiwanda kikubwa cha Homestead kilifungwa mwaka 1986, miaka 12 baada ya mapatano yale. Aliyeingia mwisho alikuwa wa kwanza kutoka. Wapolandi na Waslovakia waliokuwa bado tanuruni nao waliumia vibaya, hasa wale ambao baba zao waliwaambia kwamba hawahitaji shule maana kazi ipo. Ila wengi wao walikuwa na nyumba iliyolipiwa, na ndugu aliyesoma.

Mahali pa kiwanda cha Homestead sasa pana maduka, na bomba 12 za moshi zimeachwa zimesimama kama ukumbusho. Kuba ya kanisa la Wapolandi bado inaonekana kilimani. Ule uwanja uliowaondoa watu 8,000 ulibomolewa nao, kazi ikamalizika mwaka 2012, na kwa miaka kadhaa mahali pake palitumika kuegeshea magari.